Toleo Jipya Halina Chai

Wazee wa kanisa ndio walionituma kwenye ule mchezo. Walikuwa wamesikia kwamba vijana wetu hukutana Jumapili baada ya ibada katika saluni moja pale kituo cha Kawangware 56, wakirusha dadu na kutaja mashetani. Mimi nilikuwa katekista, nimesomea, na watu walinijua kwa subira. Wakasema, nenda ukaone, kisha utuletee ripoti. Nikamchukua rafiki yangu, fundi cherehani wa mtaa wa Mashimoni, kwa sababu nilifundishwa kwamba neno husimama kwa mashahidi wawili.

Tulikaa chini ya mashine za kukaushia nywele, tukatazama mpaka mwisho. Tukiwa njiani Fundi akaniuliza, "Katekista, umeona shetani?"

"Nimemwona mmoja. Lakini wamemuua kwa mkuki."

"Basi ripoti imeisha," akasema.

Jumapili iliyofuata tulirudi, na safari hiyo hatukuwa tumetumwa na mtu.

Kwa asiyeujua, mchezo wenyewe ni hivi. Mtu mmoja ni mwongozaji. Ana kitabu cha kanuni, naye husimulia: mko mbele ya pango, mvua inanyesha, ndani kuna kitu kinapumua. Wengine kila mmoja ana shujaa wake aliyeandikwa kwenye karatasi, nguvu zake, silaha zake na uhai uliombakia. Unasema shujaa wako anafanya nini, unarusha dadu, na dadu huamua kama ameweza. Hadithi huendelea Jumapili hadi Jumapili, na shujaa hukua kadiri anavyoishi.

Mwongozaji wetu alikuwa mwenye saluni, msusi mwenye vidole vyepesi na ulimi mwepesi zaidi. Kinyozi aliyekodi kona ya saluni hiyohiyo alikuwa mchezaji, na mwalimu wa chekechea kutoka mtaa wa Olympic, mwanamke mpole aliyecheka akiziba mdomo kwa kiganja. Pamoja nao sisi wazee wawili, mimi Mkamba na Fundi mtu wa kando ya ziwa. Niliombwa niwe nafungua kwa sala, nikakubali. Namshukuru Mungu kwa miaka ile. Nilikuwa mjane, na Jumapili alasiri ni ndefu kwa mjane.

Tulicheza kwa toleo la zamani la kile kitabu, na katika toleo la zamani kifo kilikuwa kifo. Uhai ukiisha, shujaa amekufa, hakuna kubembelezana. Lakini watu wetu hawajui kumwacha maiti hivihivi, hata maiti wa karatasi, kwa hiyo tukajitengenezea desturi. Shujaa akifa, mchezo ulisimama. Tuliwasha jiko nyuma ya saluni kwa karatasi yake mwenyewe, tukachemsha chai ya maziwa, na mwenye marehemu akapewa kikombe cha kwanza. Kila mtu alisema jambo moja jema ambalo shujaa yule alifanya. Kinyozi, ambaye hakuwa na jema la kusema kuhusu mtu aliye hai, alisema mema juu ya wafu wetu wote. Mwalimu alipompoteza binti mpiga upinde wake alilia kwelikweli, akanywa chai, na Jumapili iliyofuata akaja na shujaa mwingine.

Wote tulikwisha kupewa kikombe hicho cha kwanza isipokuwa Fundi. Shujaa wake, mpiga mkuki, hakufa. Alikuwa na sisi tangu siku ya pili. Ndiye aliyesimama peke yake juu ya daraja la kamba, akalizuia jeshi zima mpaka wote tukavuka, kisha akalikata daraja na kurukia upande wetu. Fundi alisimama kwenye kiti cha kuoshea nywele akirusha dadu zile, na kila dadu iliingia. Kinyozi alimbeba mabegani akamzungusha saluni nzima, mapande ya nywele bandia yakimwangukia kichwani. Nilimwona rafiki yangu juu pale, mtu aliyezoea kukaa ameinamia nguo za wenzake, na sijapata kumwona mrefu kiasi kile.

Kisha akapatwa na kiharusi. Kilimchukua upande wa kushoto. Mguu ukawa wa kuburuta na ulimi ukawa mzito, maneno yakitoka moja moja kama mtu anayeteremsha mzigo ngazini. Mkono wa kulia ulibaki, akili ikabaki. Watu wa kanisa walikuja kumwombea kwa wingi, halafu kwa uchache, halafu wakaniachia mimi. Wateja walihamia kwa fundi mwingine mtaa uleule, aliyekuwa amejifunza kazi kwake. Kikabaki kile kiti chini ya mashine ya kukaushia nywele. Kila Jumapili nilimfuata Mashimoni, tukapanda polepole hadi Olympic, nikatafuta mwendesha pikipiki mwenye huruma.

Mezani zamu yake sasa ilichukua muda. Alitaka kusema mwenyewe shujaa wake anafanya nini, hakutaka kusemewa. Kinyozi alikuwa akijifanya kukoroma.

"Mkuki... nita... urusha..."

"Mzee, adui ameshaoa, amezaa, amestaafu," Kinyozi akasema. "Rusha basi."

Wote walicheka, na Fundi akacheka nao kwa upande mmoja wa mdomo. Nilidhani ni utani wa kawaida wa vijana.

Jumapili moja Msusi alikuja na kitabu kipya, kimefungwa kwenye karatasi ya nailoni. Lilikuwa toleo jipya la mchezo uleule. Alikiweka juu ya meza ya rangi za kucha, akasema kila mtu mjini amehama, sisi tu ndio tumebaki nyuma kama mkia wa mbuzi. Akaeleza. Kanuni zimepungua. Zamu zinakwenda haraka. Na watu hawafi ovyo. Shujaa akiishiwa uhai analala tu, na mwenzake yeyote akimwita anaamka. Ili afe kabisa, lazima wenzake wote wamwache kwa hiari yao.

"Hiyo ni neema," Mwalimu akasema, akinitazama mimi ili nimpe baraka.

Nilimjibu kwamba inafanana nayo.

"Na... wetu?" Fundi akauliza. "Mashujaa wetu?"

"Wa zamani hawavuki, Mzee wangu," Msusi akasema. "Kila mtu anaanza upya. Ama tumbadilishe kwa kanuni mpya, lakini si yule yule."

Fundi akasema hataki. Alisema kwa shida, lakini alisema yote: huyu mtu aliwavusha daraja, mnataka kumtupa? Msusi akasema basi tupige kura, na kwa kuwa sisi ni watu wa kanisa tupige kama kanisani.

Kanisani kwetu viongozi huchaguliwa kwa mlolongo. Unasimama nyuma ya yule unayemtaka, mchana kweupe, naye akigeuka anawaona walio nyuma yake. Msusi alisimama mlangoni na kitabu kipya kifuani. Fundi alisimama karibu na sinki na kile cha zamani, kilichovimba kwa unyevu, amekikumbatia kwa mkono ule mzima. Nilikwenda nyuma yake. Kinyozi alikwenda nyuma ya Msusi bila kufikiri, akipita akamwambia Fundi, "Mzee, hicho ni cha kabla ya gharika. Kimelowa hata."

Mwalimu alibaki katikati, mikono imeshika mkoba. Alimtazama Fundi, akamtazama Msusi.

"Mwalimu, usilie, chagua," Kinyozi akasema. "Ukienda kule, kila zamu utaingoja mpaka uote mvi."

Akaenda mlangoni. Alipofika pale akasema, "Pole, baba," na nadhani neno lile lilimuumiza Fundi kuliko miguu ya Mwalimu iliyoondoka.

Wawili nyuma ya Msusi. Nyuma ya Fundi, mimi. Aligeuka kutazama, kama watu wote wanavyogeuka, ingawa alijua.

Siku hiyohiyo wakambadilisha shujaa wake. Msusi alichukua karatasi mpya akawa anauliza na kuandika, na wengine wakasogea, maana ilikuwa kama mchezo juu ya mchezo. Katika toleo jipya, alisema, unaweza kumpa shujaa kasoro, kisha kanuni inamlipa kwa uwezo mwingine.

"Mpe mguu," Kinyozi akasema. "Mguu mmoja auburute."

"Wewe!" Mwalimu akasema, kiganja mdomoni, mabega yanatikisika.

"Na ulimi mzito," Kinyozi akaongeza. "Kasoro mbili, malipo mawili. Nampigania Mzee hapa!"

Msusi alimtazama Fundi. "Niandike, Mzee wangu? Ni utani tu. Lakini utapata malipo mazuri."

Fundi alitazama mkono wake uliolala juu ya goti. Akacheka kwa upande ule mmoja. "Andika," akasema. Nimeishi na watu wa kila namna, nimewazika na kuwabatiza, na najua kicheko cha mtu anayelipia kiti chake.

Msusi akaandika. Malipo ya kasoro mbili yalikuwa nguvu za kubeba. Toleo jipya lina kanuni ya uzito. Kila shujaa anaweza kubeba vitu vichache tu, kwa hiyo kikosi kinahitaji mchukuzi. Mizigo ya kikosi ilipokwisha kupangwa, mkuki ulizidi uzito uliobaki, ukafutwa. Ndivyo mpiga mkuki wa daraja alivyogeuka kuwa mchukuzi kiwete asiyeweza kusema vizuri. Kinyozi akaweka mkono begani mwa Fundi, akasema, "Sasa huyu ndiye wewe kabisa."

Walimbebesha hema. Walimbebesha sufuria, kamba, mafuta ya taa, dhahabu waliyoipata na mifupa ya joka ambayo Kinyozi alisema itauzwa mjini. Zamu ya Fundi ikawa fupi kweli, kama kitabu kilivyoahidi, kwa sababu hakuwa na la kufanya. Msusi alikuwa akisema, "Na mchukuzi anafuata," kisha anakwenda kwa mwingine. Jumapili nyingine Fundi hakurusha dadu hata mara moja. Alikaa chini ya ile mashine kama mteja aliyesahauliwa, na tukiondoka nilimfuta mate kwenye kidevu, maana hakuna aliyekuwa amemwambia.

Halafu siku moja akaamka. Tulikuwa ndani ya pango, na mbele yetu palikuwa na fahali wa chuma. Msusi alisema, "Na mchukuzi anafuata," Fundi akasema, "Hapana." Akaongeza, "Anaweka... mizigo chini. Anaenda. Peke yake."

"Kwa fahali? Bila silaha?"

"Anaenda."

Nilimwelewa mara moja. Alitaka afe. Alitaka afe kama mtu wa toleo la zamani, amesimama, na jiko liwashwe nyuma ya saluni, na karatasi yake iungue, na apewe kikombe cha kwanza. Alitaka tuseme habari za daraja. Miaka yote ile alikuwa ameinywa chai ya wenzake.

Msusi akarusha dadu za fahali. Mchukuzi akapigwa ukutani, uhai ukaisha, akalala. Fundi akaegemea kiti, akafumba macho, na uso wake ukatulia namna ambavyo haukuwa umetulia tangu kiharusi.

"Namwita," Kinyozi akasema. "Amka, Mzee. Mizigo inangoja."

Kanuni ni kanuni. Akaamka. Fundi akafumbua macho, akasema anaenda tena. Akapigwa tena, akalala.

"Amka!" Kinyozi akasema, safari hii kwa sauti ya mhubiri wa mkutano wa uwanjani, mkono juu, na Mwalimu akaitikia, "Ameni!" kabla hajajizuia. Saluni nzima ikacheka. Mteja aliyekuwa akipita alichungulia mlangoni kuona kuna sherehe gani.

"Mwacheni," nikasema. "Mimi simwiti. Na ninyi msimwite. Kitabu kinasema wote wakimwacha, anakufa."

"Katekista, nani atabeba mifupa?" Kinyozi akauliza. Hakuwa akitania wakati huo. Aliuliza kama mtu anayeuliza jambo la kawaida.

Fundi akaenda mara ya tatu. Kinyozi akamwita mara ya tatu. Nimehubiri ufufuo maisha yangu yote, wala sijauchoka. Sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kufufuliwa kwa sababu kuna gunia limebaki chini.

Ndipo Fundi akasema na Msusi mwenyewe. Aliinuka kusema, akishika sinki. "Nataka... afe. Nataka chai yangu."

Msusi hakuwa na hasira. Alikuwa akikusanya dadu, maana kulikuwa na mteja wa kusukwa aliyekuwa amemwahidi. Akasema, "Chai ilikuwa ya lile toleo lingine, Mzee wangu. Hili halina chai. Hapa hakuna anayekufa." Akatabasamu, kama aliyempa mtu zawadi.

Fundi hakurudi tena. Wiki ile nilipomfuata alikuwa ameketi mlangoni pake, cherehani mbele yake, akishona kwa mguu wa kulia peke yake. Akasema, "Nenda. Niletee karatasi yake." Nikajua anataka kuiwasha mwenyewe.

Nilimwomba Msusi karatasi ile kwa adabu. Akamtazama Kinyozi.

"Karatasi ni ya meza," Kinyozi akasema. "Mzee ametoka, sawa, Mungu ambariki. Lakini mchukuzi hajatoka. Nitamshika mimi."

"Ni wake," nikasema.

"Katekista, tukikupa huyo, dhahabu yote inabaki pangoni. Tutembee mikono mitupu? Mzee hatumhitaji. Yule tunamhitaji."

Mwalimu alikuwa akitazama kucha zake. Nilimwita, "Mwalimu." Akasema, "Baba, mimi sijui kanuni," kwa sauti ndogo, na hakuinua macho.

Ningeweza kuinyakua. Ilikuwa pale chini ya kopo la mafuta ya nywele. Lakini sikulelewa kunyakua, na Msusi aliisogeza alipoona macho yangu. Nilirudi Mashimoni mikono mitupu, nikamweleza Fundi maneno yote kama yalivyosemwa, maana hakupenda kufichwa. Alisikiliza. Alimaliza pindo la gauni alilokuwa akishona, akakata uzi kwa meno.

"Wanamchezesha... wao?"

"Kinyozi."

"Anamsemesha... vipi?"

Sikutaka kumwambia, lakini aliuliza mara mbili. Kabla sijaondoka pale saluni, Kinyozi alikuwa amempa mchukuzi sauti, maneno moja moja, mdomo umevutwa upande, na kila alipomsemesha walianguka kwa kicheko. Nikamwambia.

Fundi akasema jambo ambalo ndilo linalonipeleka Kawangware mpaka leo. "Wewe usiache. Nenda ukae naye. Asibaki na wao... peke yake."

Kwa hiyo naenda. Ni kazi ninayoijua. Nimewatembelea wafungwa ambao sikuweza kuwafungulia, nikakaa upande huu wa nondo hadi muda wa kuonana uishe. Bado mimi ndiye ninayefungua kwa sala, na wote huinamisha vichwa vizuri, Kinyozi vizuri kuliko wote. Nawaombea kwa jina, kila mmoja, na ninamaanisha ninachoomba. Msusi huniwekea kiti changu karibu na mlango, penye hewa. Kiti cha Fundi wamempa dada mmoja anayeuza simu, mcheshi, mwepesi wa kurusha. Siku yake ya kwanza aliuliza yule mchukuzi ni wa nani, Kinyozi akamwambia, "Huyo alikuja na saluni." Nikamwambia ni wa fundi mmoja wa Mashimoni, na kwamba aliwahi kulizuia jeshi darajani. Akasema, "Huyu?" akamtazama Kinyozi aone kama ni utani.

Wamepita majangwa na bahari. Ameanguka mara nyingi, na mara zote wamemwita. Mimi sijawahi kumwita. Zamu yangu ikifika nasema shujaa wangu anatembea nyuma, kando ya mchukuzi, na Msusi huandika hivyo. Katika toleo jipya hakuna kanuni ya kumpunguzia mtu mzigo asiokuambia uchukue, nami nimeuliza.

Nikitoka naenda moja kwa moja Mashimoni. Fundi huwa amewasha jiko mlangoni kwa vipande vya kitambaa, na chai inatokota. Ananimiminia kwanza, kisha anajimiminia, kwa mkono ule mmoja, bila kumwaga. Namshukuru Mungu kwa chai hiyo, na kwa mkono huo. Tunakunywa kidogo kabla hajauliza.

"Leo... wamembebesha nini?"

"Mahema mawili. Pipa la maji. Kengele ya shaba waliyoiiba mnarani. Na yule dada wa simu, shujaa wake amejeruhiwa, amepanda mgongoni."

"Juu ya mizigo?"

"Juu ya mizigo."

Anatikisa kichwa polepole, akipima uzito ule. "Ameanguka?"

"Hapana," nikamwambia Jumapili iliyopita, na ilikuwa kweli. "Leo hakuanguka."

Fundi akatazama ndani ya kikombe chake. "Afadhali... angeanguka," akasema.